Nyuso za Gramu Mia Tatu

Sikuwahi kuugusa uso wa nyanya yangu kwenye ile kadi. Nilichapa kadi ishirini na nne, nikazikata, nikazitoboa tundu la kamba, nikazipanga kwenye bahasha, na muda wote huo nilizishika pembeni kwa ncha za vidole, kama mtu anayegeuza chapati bila kijiko. Niliogopa kuacha alama. Mimi ni mtu wa kuogopa alama.

Nafanya kazi katika duka la uchapishaji hapa Voi, duka la mlango mmoja lenye meza mbili, mashine ya kukata karatasi na printa kubwa ya rangi. Tunapiga fotokopi, tunachapa kadi za harusi, vyeti vya watoto wa chekechea, picha za kitambulisho. Sikusomea kazi hii. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu na kwa kuharibu karatasi za bosi wangu. Nina daftari ambalo naandikia kwa kalamu mbili, ya bluu kwa kilichofaulu na nyekundu kwa kilichoharibika. Nyekundu ni nyingi zaidi. Wateja husema nina mkono msafi. Hawajui kwamba cheti kimoja naweza kukichapa mara sita, halafu nikazificha nakala tano zilizoharibika chini ya meza ili bosi asizione.

Nililelewa Rukanga, chini ya mlima Kasigau, na nyanya yangu, mama wa mama yangu. Yeye alikuwa msusi wa vikapu vya mkonge. Nyuzi alizisokota juu ya paja lake mwenyewe, akazitia rangi kwenye sufuria nyuma ya jikoni, kisha akasuka mwezi hadi mwezi, kikapu kikipanda polepole kutoka kitako kwenda mdomoni. Nilipokuwa darasa la tatu alinipa kitako changu nijaribu. Nilisuka siku nne. Siku ya tano nikaona nimekosea mstari mmoja huko chini, nyekundu mahali pa nyeusi, nikafumua chote. Nilifumua nikilia. Usiku sikula, na kesho yake nikapata homa ya kweli. Nakumbuka alivyokaa kando ya kitanda changu akinitazama kama mtu anayesoma barua yenye habari mbaya.

"Mtoto huyu," alimwambia jirani, "kosa dogo linamlaza kitandani."

Baada ya hapo hakunionyesha kosa langu tena. Hilo nimelifahamu juzijuzi tu.

Macho yake yalianza kuingia ukungu miaka michache iliyopita. Mtoto wa jicho, wakasema, na pia kitu kingine ambacho hakikuweza kutolewa. Aliendelea kusuka kwa vidole. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kigumu kama pembe, na alikipitisha juu ya mistari akihesabu kimoyomoyo. Ungemletea kikapu cha mwenzake, akakipapasa, akasema, "Hapa ulikuwa unaongea na mtu," na mwenye kikapu angecheka kwa aibu, maana ni kweli.

Mwaka jana kikundi chao cha akina mama kilipata mnunuzi wa nje. Alikuja ajenti kutoka Mombasa, akataka vikapu ishirini na vinne, na akasema kila kikapu kifungwe kadi yenye picha ya aliyekisuka na jina lake. Kadi iwe nzito, isikunjike njiani. Mwenyekiti wa kikundi, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alinipigia simu siku hiyohiyo.

"Wewe si ndiye unajua hizo mashine? Basi kazi ni yako. Usituletee picha kama za polisi."

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada kuwapiga picha. Niliwasimamisha mmoja mmoja kwenye ukuta wa kanisa, upande wa kivuli, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba jua la mchana huchimba mashimo kwenye macho ya watu. Kila mtu alikuwa na agizo lake.

"Nipunguzie haya mashavu."

"Mimi nifanye mweupe kidogo, lakini mume wangu anijue."

"Huyu mwache hivyohivyo," mwenyekiti akasema, "hata ukimfanya mweupe bado atakuwa na deni la sukari yangu."

Nyanya alikuja mwisho. Alikuwa amevaa kilemba chake cha samawati cha kanisani, na alikuwa amekifunga mara tatu, alisema, mpaka kikakaa sawa. Nilimshika mkono nikamweka penye ukuta. Aligeuza uso kufuata sauti yangu.

"Kile kikapu changu kitaenda mbali?" akaniuliza.

"Ng'ambo, nyanya. Kwa ndege."

"Na huyo atakayekinunua, ataniona?"

"Atakuona. Utakuwa hapo mdomoni mwa kikapu."

Mbali kuliko kote alikowahi kufika ni Mombasa, mara moja, kwa mazishi. "Basi nipige vizuri," akasema. "Hiki ndicho cha mwisho. Vidole vimechoka. Vikapu vyote nilivyouza maisha yangu, hakuna mtu aliyejua ni vya nani. Hiki wajue."

Nilimpiga picha kumi na tisa.

Sasa nifike kwenye mashine. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ni nyepesi, gramu themanini. Kadi nilizonunua zilikuwa gramu mia tatu, nzito, zenye weupe wa maziwa, ukizigonga kwa kucha zinalia kama bati. Kadi kama hiyo haipiti kwenye trei ya chini. Inalishwa moja moja kwa mkono, kwenye trei ya pembeni, na kabla hujailisha lazima uiambie mashine kwamba inayokuja ni karatasi nzito. Wino wa mashine hizi si maji. Ni unga. Unga unakaa juu ya karatasi, kisha roli ya moto inapita na kuuyeyusha ushike. Karatasi nzito inakunywa joto jingi, kwa hiyo mashine ikijua, inapunguza mwendo na roli inapata nafasi ya kufanya kazi. Bosi wangu, ambaye baba yake aliletwa huku na kazi ya reli kutoka magharibi, na ambaye si mtu wa maneno mengi, alinifundisha kanuni hiyo moja tu siku yangu ya kwanza. Nyingine zote nilijitafutia.

Nilichapa kadi tatu za majaribio kama alivyosema. Zikatoka zimejikunja kwa joto kama maganda ya ndizi. Tena nyuso zilikuwa na mng'ao, paji la nyanya likimetameta kama limepakwa mafuta, na kile kilemba cha samawati kimekuwa kizito kuelekea zambarau. Nikageuza kadi huku na huku kwenye mwanga wa mlango. Nilijiambia kwamba si yeye huyu.

Ndipo nilipofanya jambo ambalo nimeliandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu peke yake, ukurasa mzima. Niliiambia mashine kwamba ni karatasi ya kawaida. Nililisha kadi nzito ileile. Ikapita haraka, ikatoka imenyooka kama ubao. Hakuna mng'ao. Ngozi ilikuwa ngozi, yenye vumbi laini la Rukanga juu yake, na kilemba kilikuwa samawati ileile. Niliipenda mpaka nikacheka peke yangu.

Bosi alikuwa kwenye meza ya mbele akimkatia mtu picha za pasipoti. "Umeweka nzito?" akauliza bila kugeuka.

"Nimeweka," nikasema.

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo hivyo. Sikuwa na nia mbaya. Nilijua ningeeleza, angesema rudia, na zile kadi nzuri zingekuwa takataka. Na sikujua kitakachotokea. Kuambiwa nilikuwa nimeambiwa, lakini nilidhani ile kanuni ni ya kuzuia karatasi kukwama. Ningeweka kidole changu juu ya uso mmoja tu na kusugua, ningejua papo hapo. Lakini nilizishika pembeni. Kati ya kila kadi mbili niliweka karatasi safi, isije moja ikaichafua nyingine. Nilikuwa mwangalifu kuliko siku zote za maisha yangu.

Niliwapelekea Ijumaa. Walikuwa wamekusanyika kwenye chumba cha kikundi, vikapu vimepangwa ukutani, na gari la ajenti lilikuwa linakuja kesho yake asubuhi. Nilimwaga bahasha mezani na kelele zikaanza. Mmoja alisema sasa ataweka kadi yake kwenye kitambulisho. Mwingine alidai mashavu hayakupungua. Nyanya nilimwekea ya kwake mkononi mwenyewe.

Aliipokea kwa mikono miwili. Kwanza aliipima uzito. Kisha akaipapasa ukingo wote, pembe nne, akafika kwenye tundu la kamba. Kisha kidole gumba kikapanda juu ya uso, kikapita polepole, kikarudi. Kikasimama. Nilimwona akisugua gumba na kidole cha shahada pamoja, taratibu, jinsi unavyoonja chumvi, kisha akapangusa mkono kwenye leso yake.

"Je?" nikauliza.

"Nene," akasema. "Karatasi nene. Nzuri sana, mjukuu wangu."

"Umetoka vizuri, nyanya. Kilemba kimetoka rangi yake kabisa."

"Nasikia," akasema.

Nilirudi Voi nikiwa na furaha ambayo siipati mara nyingi. Nililala bila kuamka kukagua kitu. Kwenye daftari niliandika kwa bluu: kadi nzito, seti ya kawaida, matokeo bora.

Wiki tano baadaye nyanya alishikwa na kichomi. Kilimchukua siku nne. Mama aliponipigia simu nilikuwa nalaminisha menyu ya hoteli kwa plastiki, na niliimaliza ile menyu kwanza, sijui kwa nini, nikakata kingo zake zote nne ziwe sawa, ndipo nikakaa chini. Tulimzika nyuma ya nyumba yake, upande unaotazama mlima. Programu ya mazishi alichapa bosi, alinikataza kuigusa. Ilikuwa na kosa kwenye ukurasa wa pili, na kwa mara ya kwanza nililiona kosa nikaliacha lipite.

Faraja yangu katika siku hizo ilikuwa moja. Nilimwambia kila aliyekuja kutupa pole: kikapu chake cha mwisho kimevuka bahari, na uso wake uko hapo. Mahali fulani kuna mtu anamtazama. Nililisema hilo mara nyingi mpaka likawa kama sala.

Mwenyekiti alikuja dukani mwezi uliofuata, siku ya joto ambayo hata mlango wa bati ulikuwa unalia. Hakukaa. Alinipa simu yake.

"Ajenti ameleta hizi," akasema. "Tazama, halafu tuongee."

Picha ya kwanza ilikuwa ya vikapu juu ya meza nyeupe, na kadi zimetolewa ndani yake na kupangwa mstari. Nyingi zilikuwa na madoa meupe mahali pa pua, mahali pa macho. Picha ya pili ilikuwa ya kikapu kimoja tu. Nilikijua kabla sijaikuza. Mistari miwili myeusi, mmoja mwekundu, mdomo uliosukwa kwa kubanwa sana kama alivyokuwa akibana yeye. Kwenye kadi yake kilibaki kipande cha kilemba cha samawati na nusu ya sikio. Jina lilikuwa limefutika isipokuwa herufi ya mwanzo. Sehemu nyingine yote ya uso ilikuwa imesuguliwa na mkonge ikarudi kuwa unga, na ule unga ulikuwa umeingia ndani ya kikapu, alama ya kahawia kwenye mkonge wa rangi ya maziwa kati ya mistari.

Mkonge unakwaruza. Nimekulia juu yake, magoti yangu yalikuwa na alama zake. Sikufikiria.

"Ajenti alizisukuma kadi ndani ya vikapu ili zisichanike," mwenyekiti alisema. "Mimi nilikuwa nimezifunga nje, kwenye karatasi laini. Kila moja. Kama nilivyoambiwa."

"Uliambiwa na nani?"

Akavuta kiti sasa, akakaa.

"Na nyanya yako. Ile Ijumaa, ulipoondoka tu. Aliniita akasema, hizi picha zinatoka unga, nimezisikia kwa kidole. Zifunge nje, zisiguse mkonge. Nikamwambia, basi tumpigie mtoto arudi achape zingine. Akakataa. Nikamwambia, mama, yako ndiyo ulikuwa unaitaka kuliko sisi sote, na ndiyo imeanza kutoka. Akasema hapana."

"Alisema nini? Alisemaje hasa?"

"Alisema gari linakuja asubuhi, na huyu mtoto akiambiwa hatakula wala hatalala, na ataugua. Akasema, mwache alale leo." Mwenyekiti alipangusa jasho shingoni. "Na ulilala?"

Nilimwambia nililala.

"Basi," akasema.

Nilitamani anigombeze. Yeye ni mtu anayejua kugombeza, ana sauti ya kutosha. Badala yake aliuliza kama kuna maji, nikampa, akanywa yote akiwa ameangalia printa kana kwamba ni ng'ombe wa mtu asiyemjua.

Bosi alikuwa amesikia yote. Mwenyekiti alipotoka nilimwendea nikamwambia kwamba siku ile niliposema nimeweka nzito, sikuwa nimeweka. Alikuwa anatoa pini kwenye rundo la karatasi. Alitoa pini mbili zaidi.

"Nilijua," akasema. "Sauti ya mashine ilikuwa ya haraka. Nilidhani ni majaribio tu."

Watu wawili, basi, walikuwa wamejua. Mmoja kwa sikio na mmoja kwa kidole. Mimi mwenye macho mazima nilikuwa natazama rangi ya kilemba.

Nilizichapa upya zote ishirini na nne. Safari hii niliiambia mashine ukweli, na ikaenda polepole, kadi moja, kimya, kadi nyingine. Zilijikunja. Nilizilaza chini ya marundo ya karatasi mpaka kesho yake. Mng'ao ulikuwepo kwenye mapaji yote na sikuuondoa. Kila uso niliusugua kwa kidole gumba, kwa nguvu, mpaka bosi akaniambia nitachubuka. Lakini ajenti alipopokea bahasha alijibu kwamba anahitaji ishirini na tatu tu, akairudisha ya nyanya. Kile kikapu chenye doa kilikuwa kimeshachukuliwa na mtu siku ya kwanza kabisa, kadi ikatupwa. Hakujua ni nani. Alisema mtu huyo alikipenda sana.

Nimejaribu kujifariji kwa neno hilo. Siwezi. Yeye hakuomba kikapu kipendwe. Vikapu vyake vilipendwa miaka hamsini. Aliomba kitu kimoja, na alikiomba kwangu, na alikiachilia kwa ajili yangu, bila kuniambia.

Mwezi uliopita nilipanda Rukanga kusaidia kusafisha nyumba yake. Mwenyekiti alinikuta jikoni akanipa mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na kitako cha kikapu, upana wa sahani ya chai, nyuzi zake zikining'inia pande zote.

"Si alisema kile kilikuwa cha mwisho?" nikauliza.

"Wewe nawe. Kila msusi anasema hivyo. Alianza hiki wiki ileile gari lilipoondoka."

"Kuna mtu anaweza kukimalizia?"

"Sheria ya kikundi unaijua. Kikapu cha mtu hakimaliziwi na mwingine. Mkono utaonekana." Akaninyooshea kidole. "Na wewe usikiguse. Nakujua. Utakifumua."

Nilitoa kadi kwenye pochi, ile ya ishirini na nne. Nilikaa kwenye kigoda chake nikaiweka juu ya kile kitako, nikampapasa uso jinsi yeye alivyojipapasa, kupanda na kurudi. Nilitazama kidole changu. Kilikuwa safi.

Viko Voi sasa, juu ya kabati, kitako na kadi. Kwa sababu ya joto la huku kadi imeanza kujikunja tena upande wa kushoto. Ningependa kuandika kwamba nimeiacha hivyo. Lakini kila asubuhi kabla ya kwenda kazini naibonyeza kwa kiganja inyooke, na jioni nikirudi naikuta imeinuka.